Shirika likifunga ofisi Kasulu, mji unapoteza nini hasa?

Mwenyeji wa Kasulu (mwuliza)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata yetu hapa Kasulu, mkoani Kigoma, na majuma mawili yajayo tutakaa na wafanyabiashara wa mji kuzungumza juu ya jambo linalotusumbua wote. Shirika lisilo la kiserikali ambalo kwa miaka kadhaa limehudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na vijiji vinavyoizunguka linafunga ofisi yake, na wala si la kwanza kufanya hivyo. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, kisha USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huohuo, tumeona nyumba kubwa zikirudishwa kwa wenyewe moja baada ya nyingine, madereva wakirejea vijijini, na mama lishe aliyekuwa akipika chakula cha mchana cha watu arobaini sasa akipika cha watu kumi na wawili.

Katika vikao vya awali maoni yamegongana. Wapo wanaosema kwamba mashirika haya hayakutuachia kitu, kwamba fedha zilikuja kwa jina letu na zikaondoka na magari yaleyale yaliyozileta. Wengine wanasema kwamba tangu Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 mji huu umejengwa kwa fedha hizo, na kwamba tutaona ukweli wake kama wenzetu wa Kakonko walivyouona kambi ya Mtendeli ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2021.

Naomba mnisaidie kufikiri: mchango wa kiuchumi wa asasi za namna hii kwa wenyeji hupimwaje? Sitafuti jumla ya fedha zilizoingia, kwa kuwa kila shirika linaweza kutaja bajeti yake na ikapendeza. Natafuta kilichobaki mikononi mwa watu, na namna ambayo sisi wenyewe wa kata tunaweza kukihesabu bila kumngoja mtaalamu wa kutoka mbali.

Mhasibu wa Kigoma Mjini

Ndugu Mwenyeji, umeanza vizuri kwa kuiweka bajeti pembeni. Nimefanya uhasibu katika asasi tatu za mkoa huu, na ninaweza kukueleza kwamba bajeti ya mradi na fedha inayolala Kasulu ni vitu viwili. Sehemu ya bajeti hubaki makao makuu ya shirika nje ya nchi, sehemu nyingine hutumika Dar es Salaam au Dodoma, na sehemu nzuri hununua vitu ambavyo hata tukitaka havitengenezwi kwetu, yaani magari, dawa, mahema na kompyuta. Kinachofika wilayani ni mishahara ya wanaokaa huko, kodi ya pango, mafuta, chakula, ulinzi, ukarabati na manunuzi madogomadogo. Anzia hapo.

Hatua inayofuata ni kuuliza kila aliyepokea fedha hiyo aliitumia wapi. Wachumi huita jambo hili kizidishi, na taasisi moja ya Uingereza, New Economics Foundation, ilibuni njia nyepesi inayofuata fedha kwa hatua tatu tu. Chukua shilingi 100 zilizotumiwa na shirika ndani ya wilaya. Ikiwa waliozipokea hutumia asilimia 40 ya walichopata palepale wilayani, hatua ya pili ni shilingi 40, na ya tatu ni 16, hivyo jumla ni 156. Wakitumia asilimia 70 wilayani, utakuwa na 100, kisha 70, kisha 49, jumla 219. Wakitumia asilimia 20 tu, utaishia 124. Hizi ni hesabu za mfano, lakini zinaonyesha kwamba mashirika mawili yenye matumizi sawa yanaweza kuuacha mji katika hali mbili tofauti kabisa.

Nikupe mfano kutoka kwenye orodha ya mishahara niliyokuwa nikiiandaa kila mwisho wa mwezi. Afisa aliyeletwa kutoka mkoa mwingine alipokea mara nne au tano ya mshahara wa mlinzi, lakini familia yake ilikuwa Mwanza, na siku ya mshahara sehemu kubwa ya fedha yake ilikwenda huko kwa simu kabla jua halijazama. Mlinzi alilipia mabati ya nyumba yake hapahapa, ada ya mtoto hapahapa, na fundi wa kumwezekea alikuwa jirani yake. Kwa hiyo mkikaa na wafanyabiashara, msiulize tu shirika lililipa mishahara kiasi gani. Ulizeni wangapi kati ya waliolipwa walikuwa na familia zao wilayani.

Kuhusu kodi, watu wengi hudhani kwamba asasi hazilipi chochote. Hata shirika linalotambuliwa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kuwa ni la hisani, wafanyakazi wake hukatwa kodi ya mshahara kama wafanyakazi wengine, na shirika likipanga nyumba hukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha. Mkumbuke tu kwamba kodi hizo mbili huenda Hazina na si kwenye mfuko wa halmashauri, kwa hiyo msizihesabu kama mapato ya Kasulu.

Mama Maharage

Shikamooni wakubwa, na wengine nawapa habari za leo. Nimefurahi swali hili limeulizwa, kwa sababu mimi nimekuwa upande wa pili wa hizo manunuzi anazozitaja ndugu Mhasibu, na nimeziona zikipita mbele ya macho yangu.

Ninanunua maharage kutoka Heru Juu na Buhigwe na kuyakusanya ghalani hapa Kasulu. Miaka michache iliyopita shirika moja lilitangaza zabuni ya tani 30 za maharage. Masharti yalikuwa TIN, yaani namba ya mlipakodi, uthibitisho wa TRA kwamba hudaiwi kodi, risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, mzigo wote kwa mkupuo mmoja, na malipo siku 45 baada ya kupokelewa. Mfanyabiashara wa hapa ananunua kwa mkulima kwa fedha taslimu, tena asubuhi, kwa sababu mkulima naye amekuja na orodha ya vitu vya kununua kabla ya kurudi kwake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kuweka mtaji wa tani 30 chini kwa mwezi mmoja na nusu. Zabuni ikachukuliwa na kampuni ya mkoa mwingine, na juma lililofuata wakala wao akaja kwenye maghala yetu, akanunua maharage yetu kwa bei ya gulio, akawalipa wanawake wetu kuyachambua, akayapeleka kilomita chache tu kutoka pale alipoyanunua. Kwenye taarifa ya shirika naamini iliandikwa kwamba chakula kilinunuliwa Tanzania, na hilo ni kweli. Lakini faida haikulala Kasulu.

Baadaye likaja shirika jingine, dogo kuliko lile, nalo likafanya mambo matatu ambayo sitayasahau. Liligawa mahitaji yake katika mafungu ya tani tano tano, likalipa nusu ya fedha kabla, na likamtuma kijana akakaa nasi siku mbili ghalani, juu ya magunia, akitufundisha kujaza fomu ya zabuni mstari kwa mstari. Tulijiunga wanawake tisa, tukasajili kikundi, tukanunua mashine ya EFD kwa kuchangishana. Pia walitufundisha kutumia kipima unyevu. Sisi tulizoea kuuma punje: ikipasuka kwa mlio ni kavu, ikibaki na alama ya jino bado ina maji. Njia hiyo ni ya kuaminika kwa gunia moja, lakini mnunuzi mkubwa hakubali kuambiwa habari za meno. Anataka namba, na tangu siku ile tuna namba ya kumpa.

Shirika hilo liliondoka, na hakuna bango lao lililobaki. Lakini leo kikundi chetu kinauza maharage kwa shule tatu za bweni, kwa sababu tuna risiti ambazo mhasibu wa shule anaweza kuzipokea. Ndugu Mwenyeji, ukija kuhesabu kilichobaki, naomba uihesabu mashine ile na ujuzi wa kujaza fomu, kwa sababu umezaa fedha nyingi kuliko mzigo wenyewe wa tani tano.

Mwalimu wa Uchumi, Kibondo

Nawashukuru waliotangulia. Naomba niongeze upande wa gharama, kwa sababu hesabu inayoandika mapato peke yake haijakamilika, na kikao kitagundua hilo haraka.

Mashirika yanapoingia katika mji mdogo, kodi za nyumba hupanda, na mwenye nyumba hufurahi wakati mwalimu na muuguzi anayepanga huumia. Tabibu wa zahanati ya serikali hupata ajira yenye mshahara mkubwa zaidi kambini, na kijiji kikabaki na foleni. Mbegu zinapogawiwa bure kwa msimu mmoja, mwenye duka la pembejeo hubaki na mzigo wake, na msimu unaofuata, mbegu za bure zikiwa hazipo, unaweza kukuta na duka halipo. Kuna pia kuni. Misitu inayozunguka kambi zetu imekatwa sana, na mwanamke wa kijiji jirani anayelazimika kwenda mbali zaidi kuliko alivyokwenda mama yake kutafuta mzigo uleule analipa gharama ambayo haimo katika kitabu cha mtu yeyote.

Utafiti uliofanyika Tanzania unaunga mkono pande zote mbili za ubishi wenu. Jennifer Alix-Garcia na David Saah, katika makala yao ya mwaka 2010, waliangalia bei za vyakula katika eneo letu hili la magharibi na kaskazini magharibi wakati wakimbizi wa Burundi na Rwanda walipoingia katika miaka ya 1990. Walikuta kwamba bei za vyakula visivyokuwa vya msaada zilipanda sana, ilhali zile za vyakula vilivyokuwa vikigawiwa kama msaada zilibadilika kwa kiasi kidogo. Maana yake ni kwamba mkulima mwenye ziada ya kuuza alinufaika, na mtu wa mjini anayenunua kila kitu sokoni alibanwa. Kwa hiyo ukiuliza kama wenyeji walipata au walikosa, ni lazima kwanza useme ni mwenyeji gani.

Jean-François Maystadt na Gilles Duranton nao walizifuatilia kaya za Kagera kuanzia mwaka 1991 hadi 2010, yaani hadi miaka mingi baada ya wakimbizi wengi wa Rwanda kurudi kwao mwaka 1996. Walikuta kwamba hali ya maisha ya kaya zilizokuwa karibu na kambi iliendelea kuwa bora hata baada ya kambi kuondoka, na maelezo yenye nguvu kuliko mengine yote yalikuwa barabara. Barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya malori ya misaada ziliendelea kubeba ndizi na kahawa baada ya misaada kwisha. Mama Maharage ameeleza jambo hilohilo kwa mashine yake.

Nina jambo moja la mwisho, kuhusu fedha taslimu. Mwezi Desemba 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya chakula, ili wanunue wenyewe. Mpango huo ulisitishwa na serikali mwaka 2017. Serikali inayo dhamana ya usalama na ya sera ya wakimbizi, nami siko hapa kuihukumu. Ninachosema kwa upande wa uchumi ni kwamba chakula kinachonunuliwa kwa pamoja na kuletwa kwa malori humfikia mchuuzi mdogo kwa shida sana, wakati fedha iliyo mkononi mwa mtu anayetafuta dagaa, mawese na muhogo humfikia siku hiyohiyo.

Mkulima wa Kalinzi

Nitakuwa mfupi. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi ya sokwe ya Gombe, kwa lengo la kurudisha misitu. Wanavijiji walipoulizwa wanachokitaka walitaja afya, maji na shule, na mradi ukalazimika kuyabeba hayo pamoja na miche ya miti, na baadaye mikopo midogo na kuboresha kahawa. Kahawa ndiyo iliyodumu nyumbani kwangu, kwa sababu mti wa kahawa hauhitaji mfadhili ili uzae. Katika kupima kwenu, msisahau kuuliza shirika lilianza na ombi la nani.

Mstaafu wa Ushirika, Sikonge

Ndugu zangu wa Kigoma, nawasalimu kutoka Tabora. Mnazungumza juu ya mashirika yanayokuja na kuondoka, nami naomba niwakumbushe yale yaliyokaa. Hospitali ya Wamoravian hapa Sikonge, ya Ndala kule Nzega na ya Nkinga wilayani Igunga zote zilianzishwa na makanisa, na hazikuwahi kutafuta faida. Zina umri mkubwa kuliko mradi wowote ninaoukumbuka. Ukisimama nje ya lango la hospitali ya namna hiyo utaona nyumba za kulala wageni, wauza uji, maduka ya vitenge na stendi ya bodaboda, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingekuwa pale bila wagonjwa na ndugu zao. Nkinga ina chuo cha afya, kwa hiyo kuna pia wanafunzi wanaopanga vyumba na kula. Huo ni uchumi wa mji mzima uliosimama juu ya taasisi moja ya hisani.

Kuna jambo la kihasibu linalonikera. Katika hesabu za taifa, huduma inayotolewa bure au kwa bei ya chini na taasisi isiyotafuta faida hupewa thamani sawa na gharama ya kuitoa, yaani mishahara, dawa na uchakavu wa majengo. Mama aliyejifungulia Ndala badala ya kufia njiani anahesabiwa kwa bei ya glovu na saa za mkunga. Miaka arobaini ambayo ataendelea kulima haiingii katika thamani ya huduma hiyo. Kazi ya kujitolea, ambayo kwetu ni nyingi, aghalabu huachwa nje pia, iwe ni ya kwaya inayofyatua tofali za darasa au ya wazee wanaokaa usiku kucha kulinda kisima. Mkipima Kasulu, andikeni siku hizo za kazi na mzipe thamani ya kibarua cha siku, angalau zitaonekana.

Halafu kuna sanduku. Wengi wenu mnalijua, la chuma, lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu ambao si wa nyumba moja. Mashirika mengi yalikuja na utaratibu huo wa kikundi kuweka akiba kwa hisa, na pengine hakuna walichotuletea cha bei rahisi kuliko hicho. Kikundi cha mke wangu kilifundishwa kwa majuma machache, na mfundishaji hakuonekana tena. Kila mwaka wanagawana walichoweka, na kila mwaka kuna bati jipya juu ya nyumba fulani. Kwa sasa vikundi vya aina hii husajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, katika daraja la nne, na vikisajiliwa hupata mlango wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapo utaona fedha ndogo ya msaada ikifungua fedha yetu wenyewe, ambayo tungekuwa nayo hata kama hakuna mfadhili duniani.

Niongeze la Ulyankulu, maana ni la mkoa wangu. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakapewa ardhi ya kulima. Shirika la TCRS, la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1964, lilifanya kazi na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa katika kuyajenga makazi hayo. Kwa kuwa watu walilima, walilipa ushuru wa mazao, wakauza tumbaku na mahindi, na hatimaye zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Mfumo wa kambi ni mwingine, na sababu zake zipo, lakini atakayelinganisha mchango wa mashirika ni vizuri ajue kwamba shirika haliwezi kuacha uchumi mahali ambapo anayesaidiwa haruhusiwi kuzalisha.

Mwenyeji wa Kasulu (mwuliza)

Nimesoma yote mara mbili, na nimeyapeleka kwa mwenyekiti wangu. Tumekubaliana kuacha kuuliza kama mashirika yalikuwa mazuri au mabaya. Tutapita kwa wafanyabiashara sitini wa sokoni, stendi na mitaa yenye ofisi, na kumwuliza kila mmoja maswali machache: kabla ya mwaka 2025 uliuza kiasi gani kwa mashirika au kwa wafanyakazi wao, leo unauza kiasi gani, bidhaa zako unazinunua wapi, na ni kitu gani ulichojifunza au kukipata wakati ule ambacho bado unakitumia. Wenye nyumba tutawauliza kodi ya zamani na ya sasa, na wapangaji wao tutawauliza peke yao, kama Mwalimu alivyotuonya. Siku za kujitolea tutazichukua kutoka kwenye vitabu vya mahudhurio vya vijiji.

Ndugu Mhasibu, nina swali kwako. Je, shirika linalofunga linaweza kutupa orodha ya waliokuwa wakiliuzia bidhaa, hata bila kutaja bei?

Mhasibu wa Kigoma Mjini

Linaweza, na ombeni kabla ofisi haijafungwa, kwa sababu baada ya hapo majalada huhamishwa na hakuna wa kumwuliza. Andikeni barua kwa meneja wa eneo, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambaye ndiye anayesimamia masuala ya asasi wilayani. Ombeni majina ya wauzaji na wilaya wanakotoka, basi. Hesabu zilizokaguliwa za shirika huwasilishwa kwa Msajili kila mwaka, lakini humo mtakuta jumla tu, na nyinyi mnahitaji mstari kwa mstari.

Mama Maharage

Mimi mniweke kati ya hao sitini. Nina daftari la mauzo tangu tuliposajili kikundi, lenye tarehe, kilo, bei na jina la mnunuzi. Nitakuja nalo siku ya kikao, na wenzangu wawili wenye funguo za sanduku nitakuja nao pia, kwa sababu daftari hukaa humo.